Mlingoti wa bendera uliokatwa Tripoli, 1801

Likitajwa neno "maharamia", wengi huwaza wahuni wa baharini wasio na mwenyewe. Wale wa Tripoli, Tunis na Algiers, miji ya pwani ya Afrika Kaskazini, hawakuwa hivyo. Walikwenda baharini kwa kibali cha mtawala wao, na mtawala alikuwa na fungu lake katika kila nyara. Nchi iliyotaka meli zake zipite salama Mediterania ililipa, basi.

Meli za makoloni ya Marekani zilipita chini ya bendera ya Uingereza. Uhuru ulipopatikana, kinga hiyo ikaondoka. Mwaka 1785 Algiers ilikamata meli mbili za Marekani zenye mabaharia 21, na taifa hilo changa halikuwa na la kufanya: mwaka huohuo liliuza manowari yake ya mwisho. Bunge liliidhinisha manowari sita mpya mwaka 1794, lakini mwaka uliofuata serikali ilikubali kuilipa Algiers zaidi ya dola 600,000.

Yusuf Karamanli, Pasha (yaani mtawala) wa Tripoli, akaona fungu lake ni dogo. Tarehe 14 Mei 1801 watu wake waliukata mlingoti wa bendera kwenye ubalozi mdogo wa Marekani. Vita vikaanza hapo.

Kisa cha kukumbukwa ni cha manowari ya Marekani, Philadelphia. Tarehe 31 Oktoba 1803, ikiwa mbioni kufukuza chombo cha Tripoli, ilipanda mwamba. Nahodha William Bainbridge alitupa mizinga baharini, akakata mlingoti wa mbele, wapi! Watu 307 wakatekwa. Siku chache baadaye maji yakapanda na Watripoli wakainasua, wakaivuta bandarini.

Usiku wa 16 Februari 1804 kikaingia bandarini chombo kidogo, Intrepid, cha Luteni Stephen Decatur wa Marekani. Mabaharia wengi walikuwa wamejificha. Rubani wao, Msisilia Salvador Catalano, akawaambia walinzi kwamba dhoruba imewapotezea nanga, wanaomba kufunga kamba ubavuni mwa Philadelphia mpaka kupambazuke. Wakakubaliwa. Wamarekani wakaiparamia kwa silaha za makali tu, wakaitia moto, wakaondoka bila kufiwa na mtu.

Lisilosimuliwa sana ni mwisho wake. Mkataba wa Juni 1805 uliwakomboa mateka kwa dola 60,000. Washington ilisisitiza kwamba hiyo ni fidia, si kodi. Nadhani Pasha alihesabu tu fedha zake. Kodi ya Algiers ilifutwa mwaka 1815, Decatur aliporudi na kikosi kizima cha manowari.