Mifuko ya logo kwa jumla: sampuli kwanza, dipoziti baadaye

Miezi hii dawati letu la biashara ya haki hapa Mombasa linapokea malalamiko ambayo ukisikia moja umesikia yote. Chama cha akina mama, skuli, hoteli ya huko Nyali, ofisi ya kliaringi, wameoda mifuko ya kitambaa yenye logo yao, mia tano, elfu moja, elfu mbili, dipoziti imeshatumwa, mzigo umekuja na si ule waliouona kwenye picha. Halafu tunaulizwa serikali iko wapi. Serikali ipo, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kusimamia biashara ya haki, lakini ndugu zangu sheria inataka kitu cha kushika mkononi, na wengi mnatujia na picha ya mazungumzo ya simu peke yake, "bei gani", "mia mbili", "sawa boss", basi.

Kwanza hili la plastiki, manake bado linachanganywa. Ilani ya gazeti rasmi nambari 2334 ya 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa, za biashara na za nyumbani, kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Marufuku inashika aliyetengeneza, aliyeingiza na anayetumia. Faini ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Na ilani inataja aina mbili, mfuko wenye mikono na mfuko bapa usio na mikono, kwa hivyo saplaya anayekuletea mifuko mizuri ya pamba halafu kila mmoja ameuvisha kikaratasi cha nailoni ili uonekane mpya, anakuletea matatizo mlangoni kwako. Mwandikie kabisa kwenye oda: ifungwe kumi kumi kwa uzi au kwa karatasi, nailoni sitaki. Na wale mnaopeleka mizigo Tanga au Dar, Tanzania nayo imepiga marufuku yake tangu tarehe 1 Juni 2019.

Sasa kuna ile mifuko inayoitwa non-woven, ile inayofanana na kitambaa ukiiangalia kwa mbali. Watu wanaamini kwamba kila kisichong'aa kama nailoni basi si plastiki. Si kweli. Ile ni polipropilini, plastiki iliyokandamizwa ikawa kama kitambaa. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa ilani ya kuizuia kuanzia tarehe 31 Machi 2019 kwa sababu watengenezaji walikuwa wanatoa myepesi mno, isiyoweza kutumika tena na tena, mambo yakafika mahakamani na ndio maana bado unaiona sokoni. Mimi sitakwambia ni halali wala si halali kwa oda yako wewe, ukiitaka waandikie NEMA na upate jibu kwa maandishi kabla hujalipa mtu yeyote. Ila kama unaniuliza ushauri, mfuko wenye jina la shirika lako ushone wa pamba au juti umalize, hutakuwa na la kujieleza.

Kwenye pamba ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ukienda Biashara Street utasikia merikani, bafta, kanvasi, na kila duka lina kipimo chake cha kusema "hii nzito". Nzito si kipimo. Kipimo ni GSM, gramu kwa mita moja ya mraba. Merikani nyepesi ya mfuko wa kugawa kwenye semina ni kama 140, kanvasi ya maana ambayo mtu ataendea sokoni Kongowea mwaka mzima ni 340 au zaidi. Wengine wanaongea kwa aunsi, aunsi 10 ni hiyo hiyo kama 340. Kuhakikisha ni rahisi na sielewi kwa nini watu hawafanyi: kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 cha kitambaa kile kile, kipime kwenye mizani ndogo ya sonara, na hapa mjini masonara hawakosekani, halafu zidisha mara 100. Gramu 1.4 ni GSM 140, gramu 3.4 ni 340. Hutaki kukata, basi pima mfuko mzima uulinganishe na sampuli. Mfuko wa sentimita 38 kwa 40 wenye mikono mirefu, ukiwa wa 140 unakuja karibu gramu 60, ukiwa wa 340 unakaribia gramu 145. Tofauti hiyo hata mkono unaisikia, sembuse mizani. Kuna chama kililetewa mifuko ambayo ukiiweka juu ya gazeti unasoma vichwa vya habari, na kwenye kotesheni yao imeandikwa tu "cotton bag, good quality". Good quality ndio nini? Hakuna hakimu atakayelipima neno hilo.

Uliza pia kama kitambaa kimeshafuliwa au kutolewa ile hali ya kurudi, manake pamba ambayo haijafanyiwa hivyo ikifuliwa mara ya kwanza inajikunja na logo inapinda nayo. Na kama mzigo unashonwa wakati wa masika, sisitiza mifuko ikauke vizuri kabla ya kufungwa kwenye belo. Unyevu wa hapa kwetu wanaujua wote wanaoweka nguo kabatini, belo likikaa wiki mbili stoo likiwa na umajimaji linatoka na ukungu wa vidoa vyeusi ambao hautoki. Vishikizo na matundu ya chuma navyo viepuke ama vitajwe ni vya aina gani, hewa ya chumvi itavila.

Printi. Kwa oda kubwa ya rangi moja au mbili, skrini, yaani wino unaopitishwa kwenye wavu, ndio njia ya kawaida, kila rangi ina skrini yake na gharama ya kuitengeneza ni ile ile ukiprinti 50 au 1,000, ndio maana vipande vichache bei yake kwa kimoja inapanda na si kwamba saplaya anakuibia. Za kubandika kwa joto zinafaa oda ndogo na picha za rangi nyingi, lakini zikifanywa haraka zinaanza kubanduka pembeni. Akikwambia atatumia sablimesheni, ile ya kuhamisha rangi kwa joto, kwenye pamba tupu, huyo hajui kazi yake, ile rangi inashika poliesta, pamba haiishiki. Wino wa plastiso wa skrini unatakiwa upikwe mpaka karibu nyuzi 160, usipoiva unaonekana mzuri siku ya kukabidhiwa na kupasuka wiki ya pili. Uvute mfuko pale palipo na logo kwa mikono miwili uone kama unatoa nyufa. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua logo mara ishirini kwa nguvu, kikitoka na rangi rudisha. Halafu fua sampuli moja nyumbani kwa sabuni ya kawaida na uianike juani. Rangi ya logo iandike kwa nambari yake ya Pantone, ile orodha ya rangi wanayoitumia maprinta, usiseme "bluu kama ya bahari", bahari yenyewe asubuhi na jioni haifanani.

Ushono angalia mikono ya mfuko tu, hapo ndipo unapojua fundi. Panapoungana mkono na mfuko pawe na kisanduku cha ushono chenye msalaba ndani. Mstari mmoja wa kwenda na kurudi hautoshi. Weka pakiti 5 za unga za kilo 2, utundike kwenye msumari ulale hivyo usiku kucha. Asubuhi ukikuta uzi umevutika, umepata jibu na hujapoteza kitu isipokuwa mfuko mmoja.

Sasa sampuli yenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndio kiini cha kesi zote tunazoziona. Sampuli ninayoisema si ile ya kwenye kabati la vioo la duka, wala picha ya mzigo wa mteja mwingine. Ni mfuko uliotengenezwa kwa oda yako, kitambaa chako, logo yako, ukubwa wako. Lipia ikibidi. Itengenezwe mitatu inayofanana, kila mmoja ushonewe au ubandikwe karatasi yenye tarehe, GSM, vipimo, nambari ya Pantone, aina ya printi, sahihi yako na sahihi ya saplaya. Mmoja unabaki kwako, mmoja kwake, wa tatu unatiwa kwenye bahasha na kufungwa kwa lakiri au gundi na sahihi mbili juu ya mkunjo, haufunguliwi mpaka pawe na ugomvi. Kisha kwenye LPO, ile karatasi rasmi ya oda, au mkataba uandikwe kwamba bidhaa inauzwa kwa sampuli iliyosainiwa tarehe fulani. Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mauzo yakiwa ya sampuli, mzigo wote lazima ulingane na sampuli kwa ubora, mnunuzi apewe nafasi ya kulinganisha, na usiwe na kasoro ambayo isingeonekana kwa kukagua sampuli ile kwa kawaida. Hayo ni masharti, na yakivunjwa una haki ya kukataa mzigo. Sahihi mbili tu na umeingia ndani ya sheria hiyo.

Kuhusu saplaya mwenyewe, wengi wanaojiita saplaya ni madalali, na udalali si kosa, lakini ujue unalipa nani. Muulize wapi inashonwa na wapi inaprintiwa, omba kwenda. Anayekwepa swali hilo mara mbili mwache. Kama ni kampuni, CR12, ile hati ya msajili wa kampuni, inapatikana kupitia eCitizen na itakuonesha wakurugenzi na wenye hisa, PIN yake ya kodi iangalie kwenye iTax, tovuti ya KRA, na laiseni ya kaunti akuoneshe ilipo ukutani. Invoisi iwe ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, yenye ile QR ya kuskani, na wale wenye biashara kumbukeni tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliwi kwenye hesabu za kodi, ukinunua bila hiyo unalipa mara mbili. Pesa iende kwenye paybill au akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kotesheni. Nambari ya simu ya mtu binafsi, ya shemeji, ya "mhasibu wetu", hapana. Dipoziti ya nusu ni kawaida ya soko, yote kabla ya mzigo si kawaida, hata ukiahidiwa punguzo.

Jambo jingine, logo iwe yako. Ukiweka alama ya klabu ya mpira ya Uingereza kwenye mifuko ya kuuza, hiyo ni bidhaa bandia hata kama mfuko umeshonwa vizuri namna gani. Sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia inamshika anayetengeneza, anayeuza na hata anayeweka kwa ajili ya biashara, kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya mzigo, au vyote pamoja, la pili ni hadi miaka 15 au faini isiyopungua mara tano. "Saplaya ndiye aliyeprinti" haitakuokoa.

Siku ya kupokea mzigo hesabu yote, usihesabu mabelo ukazidisha. Halafu kagua. Kwa ISO 2859-1, kiwango cha kimataifa cha kukagua mzigo kwa kuchagua vipande vichache, ukaguzi wa kawaida, mzigo wa mifuko 501 hadi 1,200 unatoa 80 ya kuangalia, na kwa kiwango cha makosa cha asilimia 2.5 ukikuta mibovu 5 unapokea, ikifika 6 unakataa. Mzigo wa 281 hadi 500 unatoa 50, mibovu 3 unapokea, 4 unakataa. Itoe kutoka mabelo tofauti, ya chini na ya katikati, ya juu kila mtu anaipanga vizuri. Andika haya kwenye mkataba mapema ili siku hiyo pasiwe na mabishano ya "hii midogo midogo tu, mama". Delivari noti usisaini "nimepokea ikiwa sawa" kabla hujafungua, andika "nimepokea, haijakaguliwa" na tarehe.

Na hapa ndipo inaponiuma zaidi. Watu wanaona kasoro, wananung'unika, halafu wanagawa mifuko yote kwenye shughuli kwa sababu wageni wamefika, wiki tatu baadaye ndio wanakuja kwetu. Kisheria ukishautumia mzigo kama wako au ukakaa nao muda mrefu bila kusema, umeukubali. Haki ya kuukataa imekwisha, umebaki na kudai fidia tu, na fidia unaithibitisha vipi mifuko ikiwa kwa watu Likoni, Mtwapa na Kaloleni? Ukiona kasoro mwandikie saplaya siku hiyo hiyo, sema unakataa na kwa nini, mzigo uuweke pembeni.

Asipojali, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, ipo hapa Mombasa, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufailiwa. Sisi dawatini tunaweza kuwaita pande mbili, kupima na kuandika tulichokikuta. Kumlazimisha mtu arudishe hela si kazi yetu, tafadhali msije na matumaini hayo. Mje na sampuli iliyofungwa, mifuko isiyopungua kumi kutoka kwenye mzigo, LPO, invoisi, ujumbe wa malipo na ile barua ya kukataa. Bahasha ya sampuli msiifungue njiani, tutaifungua sisi saplaya akiwepo.