Tarakimu sita ambazo mwizi anazijua kabla yako

Tarakimu sita zinatoa misimbo milioni moja. Ndivyo alivyonijibu msanidi wa programu ya sacco moja hapa Nairobi nilipomuuliza msimbo wa kubadilisha nenosiri unapatikanaje. Hesabu yake ni sahihi. Shida ilikuwa kwenye mstari wa programu uliotangulia ule wa kutoa msimbo: mt_srand(time()).

Kwa wasioandika PHP, lugha ya programu hiyo: kompyuta haibahatishi hapo. Inaanza na namba moja, tunayoiita mbegu, kisha inapiga hesabu. Mbegu ileile huzaa namba zilezile. Hapa mbegu ni saa ya seva, kwa sekunde, na seva yenyewe huitangaza saa hiyo kwenye sehemu ya Date ya majibu yake. Mwizi anabonyeza "Umesahau nenosiri" kwenye akaunti ya mwanachama, anasoma saa, anaendesha mistari hiyohiyo kwenye laptopu yake. Huenda msimbo akawa nao kabla SMS haijamfikia mwenyewe. Milioni imebaki misimbo miwili mitatu, ukihesabu sekunde ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo hata kufunga akaunti baada ya majaribio matano hakumsumbui.

Kinachoniudhi ni kwamba kasoro hii haijitokezi. Programu inafanya kazi na namba zinaonekana zimechanganyika vizuri tu. Mfano ni wa mwaka 2006: Debian, watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux, waliondoa mistari ya OpenSSL (programu ya usimbaji fiche) iliyokuwa ikilalamikiwa na zana ya kukagua kumbukumbu ya kompyuta. Mbegu ikabaki kutegemea namba ambayo kompyuta huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Funguo za SSH, za kuingilia seva kutoka mbali, ziliendelea kutengenezwa na kufungua seva bila tatizo, hadi Luciano Bello, msanidi wa Debian, alipogundua kasoro, na tahadhari ikatolewa Mei 2008. Kufikia hapo, mtu angeweza kuziorodhesha funguo zote za aina na urefu fulani akazijaribu moja baada ya nyingine.

Msanidi wetu alitaka kuufuta tu ule mstari, mt_rand, amri inayotoa namba zenyewe, ijitafutie mbegu. Nilikataa. Mbegu yake ni ndogo, ya biti 32 tu, na nyaraka za PHP zenyewe zinaonya isitumike kwenye mambo ya siri. Tumeweka random_int(0, 999999), inayochota namba zisizotabirika kwenye mfumo endeshi. (Jazeni sufuri za mbele, la sivyo 000417 itatumwa kama 417.) Kwenye lugha ya Python tumieni secrets badala ya random; kwenye Node (JavaScript ya seva), crypto.randomInt badala ya Math.random.

Nikipewa programu ya kukagua siku hizi, natafuta kwanza "rand(" na "Math.random", kisha naangalia ni zipi zinazogusa nenosiri, tokeni au pesa. Zile za kuchanganya rangi za matangazo naziacha zilivyo.