Chatsworth: Duke wa Devonshire haishi Devon

Mtu akisikia "Duke wa Devonshire" hufungua ramani na kuitafuta Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Huko hatalipata jumba lake. Jumba hilo, Chatsworth, liko Derbyshire, kando ya mto Derwent, ndani ya hifadhi ya Peak District. Cheo ni cha mkoa mmoja, makazi ni ya mkoa mwingine, na ukoo wa Cavendish, wenye cheo hicho, umeishi hivyo kwa zaidi ya miaka 300. Sir William Cavendish aliinunua ardhi hiyo mwaka 1549 kwa pauni 600. Mkewe, Bess wa Hardwick, alikuwa mzaliwa wa Derbyshire, na ndiye aliyemshawishi wahamie kwao.

Wengine hudhani ni kasri la kifalme. La. Malkia anayekumbukwa zaidi pale, Mary wa Uskoti, aliletwa kama mfungwa, akarudishwa mara kadhaa katika miaka ya 1570 na mapema miaka ya 1580. Wala usidhani utaona kuta zilizomzunguka, kwa maana Duke wa kwanza alianza kulijenga jumba upya mwishoni mwa miaka ya 1680 na kazi ikamalizika mwaka 1707. Ukitaka jengo la enzi za Bess, panda mlima ulio nyuma, kwenye mnara wa wawindaji.

Je, familia inakaa bure kwenye mali yake? Duke wa 10 alipofariki mwaka 1950, serikali ilidai kodi ya mirathi ya asilimia 80. Mashamba na kazi za sanaa viliuzwa, na jumba lao jingine, Hardwick Hall, likakabidhiwa kwa taifa. Tangu mwaka 1981 Chatsworth inaendeshwa na taasisi ya hisani, na familia hulipa kodi ya pango. Ukiniuliza mimi, ni wapangaji wenye bahati: taasisi yenyewe wameianzisha wao.

Kinachowadanganya wageni wengi zaidi ni kijiji cha Edensor (wenyeji hutamka "Enza"). Nyumba za mawe, kila moja na sura yake, kondoo, mnara wa kanisa. Unaapa kwamba hapajaguswa tangu enzi za mababu. Kumbe kijiji cha asili kilikuwa upande wa jumba, machoni pa mwenye jumba. Duke wa 6 alikibomoa na kukijenga upya nyuma ya mwinuko, kati ya 1838 na 1842, chini ya usimamizi wa mtunza bustani wake, Joseph Paxton. Baadhi ya wakazi walipelekwa vijiji jirani vya Beeley na Pilsley. Nyumba moja ya kale iliachwa, na hadi leo imesimama peke yake ng'ambo ya barabara. Hata yale malisho yanayoonekana kama kazi ya Mungu yalichorwa na Capability Brown, mbunifu wa mandhari, katika miaka ya 1760.

Paxton huyohuyo alichimba ziwa juu mlimani la kulisha chemchemi ya bustanini, ili kumfurahisha Tsar Nicholas wa Kwanza wa Urusi, aliyetarajiwa kuzuru mwaka 1844. Chemchemi iliruka karibu mita 90. Tsar hakuja. Wengi hutafuta pampu iliko. Haipo, maji hushuka kwa uzito wake kupitia bomba na kuruka.

Halafu ndizi. Ndizi za Cavendish, zilizojaa katika maduka makubwa ya Ulaya, huchukuliwa kuwa uvumbuzi wa Waingereza. Mgomba wenyewe asili yake ni China, ukafika Uingereza kupitia Mauritius. Paxton aliulea ndani ya nyumba ya vioo hadi ukatoa maua mwaka 1835, ukapewa jina la ukoo wa bwana wake. Mhaya angeuliza: hiyo nayo inapikwaje?

Mwisho, si kweli kwamba bila tiketi umekwenda bure. Tiketi ni ya jumba na bustani. Njia za miguu zinazopita katika malisho hazina malipo, nazo zitakufikisha Edensor, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro. Amezikwa hapo Kathleen Kennedy, aliyeolewa katika ukoo huu na kufa kwa ajali ya ndege mwaka 1948; kaka yake, Rais John Kennedy, alifika kaburini Juni 1963. Ukitafuta makaburi ya fahari ya maduke utayapita bila kuyatambua, maana ni mawe ya kawaida tu, juu kabisa ya uwanja. Lile kubwa, unaloliona kwanza, ni la mtunza bustani.