Kabla ya kukata tiketi wakati wa janga, hesabu siku

Aprili 2020 Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, Mombasa, Kilifi na Kwale. Julai mwaka huohuo vizuizi viliondolewa, lakini virusi vya korona vilibaki palepale. Uamuzi uliokuwa mikononi mwa polisi wa barabarani ulirudi kwa msafiri. Kazi yangu ni ufuatiliaji wa milipuko ya magonjwa, na nasema bila kusita kwamba wengi waliupokea uamuzi huo bila kupewa namna ya kuufanya. Waliambiwa "chukua tahadhari", basi. Tahadhari ipi, na siku ya ngapi?

Kila kitu kinaanza na siku sifuri, yaani siku ya mwisho uliyokaa karibu na mtu aliyeambukizwa. Kwa UVIKO-19 ilivyokuwa mwaka 2020, dalili zilijitokeza kati ya siku ya 2 na ya 14, kwa wengi karibu na siku ya 5. Jambo lililoufanya ugonjwa huu uwe mgumu ni kwamba mtu alianza kuambukiza siku 2 hivi kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo "mbona mimi mzima" halikuwa jibu.

Chukua mfano wa mwaka huo wa 2020. Jumamosi umekula chakula cha mchana na rafiki, chumba kimoja, saa mbili nzima. Jumatatu anaanza kukohoa. Wewe huna habari. Jumanne unapima kwa ajili ya safari ya Ijumaa, maana unakokwenda wanataka cheti kisichozidi saa 72. Majibu yanatoka: huna. Jumatano rafiki anakupigia simu kwamba amekutwa na korona. Cheti unacho, ni halali, na wakaguzi watakipokea. Lakini ulipima siku ya 3, wakati virusi bado ni vichache mno kuonekana, na utasafiri siku ya 6, wakati ambao huenda vimefika kileleni. Uchambuzi wa vipimo vya PCR, yaani vya maabara vinavyosaka vinasaba vya virusi, uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba siku ya 4 tangu kuambukizwa kipimo kilikosa watu karibu 2 kati ya 3. Siku ya 8, kilipofanya vizuri kuliko siku nyingine zote, bado kilimkosa mtu 1 kati ya 5.

Kwa huyo wa Jumamosi ushauri wangu ni mmoja: ahirisha. Piga simu ofisi ya basi au ndege ubadilishe tarehe, kaa nyumbani siku 14, na ukipima, pima siku ya 8 hivi. Majibu mazuri ya siku ya 8 yanapunguza wasiwasi, hayafuti siku zilizobaki, hasa kama unakokwenda kuna bibi wa miaka 80 au mtu mwenye kisukari.

Kipimajoto cha stendi au mpakani kisikutulize. Kinaona homa tu. Aliyeambukizwa ambaye hajaanza kuumwa anapita, na aliyemeza paracetamol asubuhi naye anapita, kwa sababu dawa inashusha homa kwa saa kadhaa bila kugusa virusi. Huku kwetu wengi humeza wakiamini ni malaria, bila nia mbaya. Ukiwa na homa siku ya safari, usimeze uondoke. Nenda ukapimwe malaria na korona pia, kwani kukutwa na malaria hakuthibitishi kwamba huna hiyo nyingine.

Kama huna siku sifuri yoyote unayoijua na safari haiepukiki, hewa ndiyo ya kuangalia. Januari 2020, mkoani Zhejiang nchini China, abiria mmoja aliambukiza wengine 23 katika basi la watu 68. Safari ilikuwa dakika 50 kwenda na 50 kurudi, kiyoyozi kikizungusha hewa ileile. Waliokaa jirani na madirisha yanayofunguka karibu wote walisalimika, na wengi walioambukizwa hawakuwa wamekaa karibu na mgonjwa. Kwa hiyo kuacha kiti kimoja wazi hakutoshi. Chagua basi lenye madirisha ya kufungua, kaa dirishani, fungua hata upenyo wa vidole vinne safari nzima. Barakoa ifunike pua; ikishuka kidevuni haikusaidii wewe wala jirani yako. Kula basi likisimama, nje, badala ya ndani watu wote wakiwa wamevua barakoa kwa pamoja.

Msiba ndio mgumu kuliko yote, na siwezi kuufanya mwepesi. Kutokwenda kuzika kunauma na kunaacha maneno. Hata hivyo matanga hukusanya wazee wengi ndani ya nyumba moja, usiku kucha, na hapo ndipo mtu mmoja asiye na dalili hudhuru zaidi. Tuma mchango kwa simu, mweleze mkubwa wa ukoo sababu waziwazi, uende arobaini. Siku zako 14 zitakuwa zimekwisha zamani.

Hesabu hii ni ya korona ya mwaka 2020, usiihamishie ugonjwa mwingine. Ebola na nduguye Marburg, iliyozuka mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na tena 2025, haziambukizi kabla ya dalili, ila zinaweza kujificha hadi siku 21. Aliyemgusa mgonjwa au kumwosha maiti hasafiri siku zote 21, hata akijisikia mzima, na hupimwa joto kila siku. Homa ikianza, asipande bodaboda kwenda hospitali. Apige simu kwanza, Tanzania ni namba 199, wahudumu wamfuate wakiwa na mavazi ya kujikinga.