Rollei 35 inasingiziwa mengi, hebu tuiweke sawa

Ukiishika kamera hii ya filamu mara ya kwanza unaweza kucheka. Upana milimita 97, kimo 60, unene 32, uzito kama gramu 370, haiko mbali na pakiti ya sigara. Afu unaanza kuikagua, wenzo wa kuvutia filamu uko kushoto, sehemu ya kuchomeka flashi iko chini ya kamera, kishikio cha kurudisha filamu nacho chini, namba za kuhesabu picha chini pia, unajiuliza huyu aliyeibuni alikuwa anaishikaje. Watu wengi wanaishia hapo hapo na maneno yanaanza kusambaa, na mengi si kweli.

La kwanza ni lile la "kamera ndogo, picha ndogo". Hapana. Fremu yake ni milimita 24 kwa 36, saizi ile ile inayotoka kwenye kamera kubwa za mkanda wa kawaida wa milimita 35. Dhana hii naielewa ilipotoka, maana miaka ya sitini kamera ndogo kweli zilikuwa zinatumia filamu ndogo, Minox fremu yake ilikuwa milimita 8 kwa 11, na zile za nusu fremu 18 kwa 24. Na huyu fundi aliyeibuni Rollei, Heinz Waaske, alikuwa ametoka huko huko, alishaunda kamera ya filamu ya milimita 16 alipokuwa kwenye kampuni ya kamera ya Wirgin, afu ndio akajiuliza kwa nini mtu mwenye kamera ndogo akubali negativu ndogo. Akaanza kuichora hii. Wirgin walikuwa wanaachana na biashara ya kamera, akaipeleka kwa Leitz na Kodak hawakuitaka, mwaka 1965 akaingia Rollei na 1966 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Photokina kule Köln. Kwa hiyo udogo wake hautokani na kubana matumizi, ndio kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kufanya mkanda mkubwa ukae kwenye mwili mdogo, na kila kinachoonekana cha ajabu hapo ni bei iliyolipwa kwa ajili hiyo.

Sasa tuje kwenye lile linaloua kamera nyingi. "Lenzi imekwama, hairudi ndani." Jamani msiisukume! Mimi ya kwangu ya kwanza karibu niiharibu hivyo hivyo, nimemaliza kupiga picha, nataka kuitia mfukoni, lenzi inagoma, nikaanza kuongeza nguvu kama nafunga sanduku lililojaa. Haikuwa mbovu hata kidogo. Kanuni ni kwamba lazima kwanza uvute wenzo wa filamu, yaani shata (kile kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga kwenye filamu) iwe imetegwa tayari, ndio ubonyeze kile kitufe kidogo cha juu, uzungushe lenzi ijifungue, afu uirudishe taratibu. Ukiruka hatua ya kuvuta filamu haiingii, na ukilazimisha hapo ndipo unavunja kitu kweli.

Kisa cha masharti yote haya kipo ndani. Kwenye kamera nyingi za aina hii shata nzima inakaa pamoja na lenzi, na shata ina magurudumu yenye meno ya kupima muda ambayo yanakula nafasi, ukiweka yote kwenye mrija wa lenzi hauwezi kuzama ndani ya mwili mwembamba vile. Kwa hiyo shata yake, ya aina ya Compur, ikagawanywa, vile vijipanga vinavyofunguka na kufunga vikabaki kwenye mrija, mashine ya kupima muda ikabaki ndani ya mwili. Kwangu hili ndilo jambo la akili kuliko yote kwenye hii kamera, na wengi wanaoimiliki hawalijui.

Ikatokea dhana nyingine humo humo, eti kuiacha ikiwa imetegwa kunachosha springi kwa hiyo ufyatue kabla ya kuiweka. Ukifyatua sasa lenzi haiingii, si unaona? Imeundwa kukaa ikiwa imetegwa, na lenzi ikiwa ndani kitufe cha kupigia kimefungwa, haijipigi picha mfukoni.

"Betri ikiisha kamera imekufa." Si hii. Shata inaendeshwa na springi, kuanzia nusu sekunde mpaka 1/500 na ile B ambayo shata inabaki wazi ukiwa umeshikilia kitufe, yote bila betri. Betri inalisha kipima mwanga tu, ile sindano unayoiona juu ya kamera. Hata matoleo ya baadaye ya TE na SE ambazo badala ya sindano zina vitaa, shata bado ni ya springi. Na toleo la B 35, ile ya bei nafuu ya 1969, kipima mwanga chake ni cha seleniamu, hakihitaji betri kabisa. Kipima mwanga kikifa unapiga kwa kanuni ya zamani, jua kali unaweka tundu la lenzi f16 na kasi inayokaribia namba ya filamu, kwa mfano filamu ya ISO 400 unaweka 1/500, kivuli kikiingia unafungua tundu zaidi. Tena kwenye zile za sindano watu wanatafuta swichi ya kuzima, hakuna, kipima mwanga kinakula betri kila kikiona mwanga, kwa hiyo dawa ni kuitia kwenye mkoba wake.

Ila kwenye betri kuna dhana moja mbaya zaidi, ya kwamba yoyote inayoingia inafaa. Zile za sindano zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, PX625, ambazo zimeshapigwa marufuku sababu ya sumu. Madukani utapata ya alkalini yenye umbo lile lile lakini ni volti 1.5, sindano inadhani kuna mwanga mwingi kuliko uliopo, unafuata maelekezo yake picha zinatoka giza afu unalaumu lenzi au aliyesafisha filamu. Isitoshe volti ya alkalini inashuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo hata kosa lenyewe halitulii ulizoee. Wengi wanatumia zile za masikio, za kusaidia kusikia, za zinki na hewa, zinazokaa kwenye volti 1.4 hivi, unaweka na kipete cha kuzibana. Na uiweke kabla ya mkanda, manake betri iko ndani sehemu ya filamu, ikiisha katikati ya mkanda ndo imetoka hiyo, subiri umalize.

Haya, fokasi. Wanasema haina kifaa cha kupimia umbali kwa hiyo picha zake ni za kubahatisha. Ni kweli haina, ukichungulia kwenye kidirisha kila kitu kinaonekana kikali hata kama lenzi umeiacha kwenye mita 1 na mtu yuko mita 6, hapo wageni wanaumia. Lakini lenzi ni ya milimita 40, sio ndefu, mchana inakusamehe sana. Weka f8 na umbali mita 6, kuanzia kama mita 3 na kidogo kwenda mbali sana kote kutakuwa kwenye fokasi. Weka f16 na mita 3, unaanzia karibu mita 1 na nusu. Yaani barabarani unapiga haraka kuliko mwenye kamera ya kuzungusha zungusha. Tatizo lipo jioni, ndani ya nyumba, tundu limefunguka lote na mtu yuko mita 1 na nusu, hapo kukisia vibaya kunaonekana, siwezi kukudanganya. Mimi nimejipima hatua zangu na urefu wa mkono, inasaidia.

Flashi ya chini wanaiita kosa la kiwanda. Juu hapakuwa na nafasi, basi. Unachofanya ni kuigeuza kamera kichwa chini ukipiga na flashi, mwanga unatoka juu kama kawaida, na picha haijali umeishika vipi. Usipogeuza vivuli vinapanda juu ukutani, watu wanaonekana kama wanasimulia hadithi za mizimu. Faida ambayo haisemwi ni kwamba kwa vile shata iko kwenye lenzi, flashi ya umeme inaenda na kasi zote mpaka 1/500.

Ya Ujerumani ni bora na ya Singapore ni feki? Si feki. Rollei wenyewe walihamishia uzalishaji Singapore miaka ya sabini, michoro ile ile, na lenzi za Tessar zilizoandikwa "Made by Rollei" zilitengenezwa kwa kibali cha Zeiss, kampuni yenye lenzi hizo. Kinachobadilisha picha ni aina ya lenzi, Tessar ina vioo 4, Sonnar ya f2.8 iliyokuja na 35 S mwaka 1974 ina vitano, Triotar ya B 35 vitatu. Na baada ya miaka yote hii hali ya kamera iliyo mkononi mwako ina uzito kuliko jina la nchi lililoandikwa.

Mwisho kuna hii ya "haina umeme haiumwi". Inaumwa, mafuta ya ndani yanaganda, na kasi za pole pole ndizo zinaanza kulegea. Ukiwa unataka kununua weka nusu sekunde, fyatua, sikiliza: inatakiwa ivume sawasawa bila kusita katikati. Ikisita usiidondoshee mafuta, yakifika kwenye vile vijipanga vinashikana kabisa, mpelekee fundi aisafishe.