Hesabu za kupanga misaada hazitafuti njia fupi tu

Wengi hudhani kwamba hisabati inayotumika kupanga usambazaji wa misaada ya maafa kazi yake ni kutafuta barabara fupi kuliko zote. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, mafuriko yaliikata barabara kuu ya N6, na swali likawa jingine: helikopta chache zilizopo zibebe nini, zianzie wapi, na nani asubiri. Hesabu hutii lengo ililopewa; ukiiagiza ipunguze jumla ya gharama wakati shehena haitoshi, mara nyingi itawapendelea walio karibu, ilhali ukiiagiza ifupishe muda wa anayesubiri kuliko wote, ratiba yaweza kugeuka kabisa. Lengo hilo huchaguliwa na watu (jambo linalosahaulika mno), na lingestahili kutangazwa.