Mwanajeshi wa zamani anapomfundisha mwenzake kuishi na ugonjwa wa akili: dhana potofu na ukweli

Katika hospitali za Marekani zinazohudumia wanajeshi wa zamani, mtu anayeishi na skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii), ugonjwa wa hisia mseto (bipolar) au sonona kali anaweza kupangiwa darasa la stadi za maisha ambalo mkufunzi wake si daktari wala mwanasaikolojia. Ni mwanajeshi wa zamani kama yeye, aliyeugua akili akapata nafuu ya kutosha kuwasaidia wengine, na wasomaji wa Afrika Mashariki wangemwita mwelimishaji rika, kama walivyowaita watu wa namna yake katika kampeni dhidi ya UKIMWI. Familia inayosikia habari hii kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba madaktari wamemchoka jamaa yao, wakaamua kumkabidhi kwa mgonjwa mwenzake. Sivyo, na inafaa kueleza kwa nini sivyo.

Dhana: Darasani wanapiga soga na kufarijiana tu

Kufarijiana kuna thamani yake, lakini mafunzo ya stadi ni kitu kingine, chenye mpangilio wake. Skizofrenia haileti sauti na hofu ya kudhuriwa peke yake. Humpunguzia mtu pia uchangamfu wa uso, umakini, kumbukumbu na hamu ya kuanzisha mazungumzo, na dawa zinazotuliza sauti mara nyingi hazimrudishii hayo. Ndiyo maana mtu anaweza kutulia kabisa wodini, akarudi nyumbani, kisha akashindwa kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja.

Darasani stadi moja hugawanywa katika hatua chache zinazoandikwa ubaoni. Stadi ya kuomba jambo, kwa mfano, ina hatua tatu: mtazame unayezungumza naye, sema waziwazi unachotaka, kisha mweleze utakavyojisikia akikutimizia. Mkufunzi huigiza kwanza, na baadaye kila mshiriki hufanya igizo dhima kuhusu jambo linalomkabili yeye mwenyewe, labda kumweleza daktari kwamba dawa mpya inamlaza hadi mchana. Akimaliza, huambiwa kwanza alichofanya vizuri, tena kwa kukitaja hasa, halafu hupewa jambo moja la kurekebisha, naye hurudia igizo lile. Kabla ya kikao kinachofuata anatakiwa aitumie stadi hiyo kwa mtu halisi nje ya darasa, kisha aje aeleze ilivyokwenda. Aliyepitia jeshini hauoni mtindo huu kuwa mgeni, kwa kuwa mafunzo ya kijeshi nayo huenda kwa hatua, kwa kuonyeshwa na kwa kurudiarudia, ingawa hapa hakuna anayefokewa.

Mwelimishaji rika anapoonyesha namna ya kuzungumza na daktari kuhusu madhara ya dawa, anaonyesha jambo alilowahi kulifanya kwa ajili ya dawa zake mwenyewe. Mshiriki aliyezoea kusema kwamba wataalamu hawajui anachopitia hawezi kumwambia hivyo mtu huyu, na hapo ndipo ninapoiona nguvu kubwa ya mpango wenyewe. Hata hivyo, ushuhuda mrefu wa maisha ya mkufunzi hauwezi kuitwa mafunzo. Mkufunzi mzuri huchukua kipande cha maisha yake kinachohusu stadi ya siku hiyo, akakisema kwa ufupi, kisha akawaachia washiriki muda wa kufanya mazoezi, kwa sababu waliokuja kujifunza ni wao.

Dhana: Mgonjwa hawezi kupewa kazi ya kuwafundisha wagonjwa

Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 kuhusu huduma za afya ya akili kwa wanajeshi wa zamani inataka kinyume cha hivyo. Anayeajiriwa kwa kazi hii lazima awe mwanajeshi wa zamani aliyepona au anayeendelea kupona ugonjwa wa akili, na lazima awe na cheti kutoka kwa taasisi isiyo ya kibiashara inayotoa mafunzo hayo au kutoka serikali ya jimbo. Ugonjwa aliopitia, basi, ni sehemu ya sifa zake, lakini hautoshi bila mafunzo. Agosti 2012 Rais Barack Obama aliiagiza Wizara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani iajiri watu 800 wa namna hiyo kabla ya mwisho wa 2013, na lengo hilo lilifikiwa. Hao ni waajiriwa wanaolipwa mshahara na kufanya kazi pamoja na timu ya matibabu.

Dhana: Hakuna aliyepima kama inasaidia

Hapa yapo maswali mawili, nayo yasichanganywe. La kwanza ni kama mafunzo ya stadi yenyewe yanafaa. Mwaka 2008 watafiti Matthew Kurtz na Kim Mueser walichambua tafiti 22 zilizohusisha watu 1,521, wengi wao wakiwa na skizofrenia, wakaona kwamba washiriki walizimudu vizuri stadi walizofundishwa na kwamba maisha yao katika jamii yaliboreka kwa kiasi cha kati, ilhali athari katika kuzuia ugonjwa kurudi ilikuwa ndogo. La pili ni kama mtu aliyewahi kuugua anaweza kutoa huduma sawa na mtaalamu. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 11 yenye watu 2,796, hayakuona tofauti kubwa ya matokeo kati ya waliowahi kuugua na wataalamu waliofanya kazi zinazofanana, ila matumizi ya huduma za dharura yalipungua kidogo. Anayeahidi miujiza anakosea sawasawa na anayedai kwamba ni kupoteza muda.

Dhana: Kila mwanajeshi wa zamani mwenye ugonjwa wa akili aliharibiwa na vita

Kiwewe cha vita kipo na kinatesa wengi, lakini skizofrenia na ugonjwa wa hisia mseto kwa kawaida huanza kujitokeza mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, umri uleule ambao vijana wengi huingia jeshini. Kijana anaweza kuanza kusikia sauti akiwa kambini, bila kuwahi kufyatua risasi hata moja vitani. Mtu huyu asipoeleweka hubeba mzigo mara mbili: anaona aibu kwa ugonjwa, na anaona aibu kwa kukosa kisa cha vita cha kuueleza.

Dhana: Skizofrenia haina nafuu, kwa hiyo kufundisha ni bure

Mtafiti Courtenay Harding na wenzake waliwafuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali ya jimbo la Vermont, Marekani, katika miaka ya 1950, watu waliokuwa wamehesabiwa kuwa wa kufia wodini. Ripoti yao ya mwaka 1987, baada ya wastani wa miaka 32, ilionyesha kwamba nusu hadi theluthi mbili ya watu hao walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa.

Dhana: Ni jambo jipya, tena la Wamarekani peke yao

Mwishoni mwa karne ya 18, msimamizi wa wagonjwa wa akili Jean-Baptiste Pussin aliajiri wagonjwa waliopata nafuu kuwa wahudumu katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris. Mwaka 1970 wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam walianza kukutana New York katika vikundi vyao vya mazungumzo, na mwaka 1979 serikali ikaanzisha vituo vya ushauri nje ya hospitali kwa ajili yao. Karibu na kwetu, hospitali ya Butabika mjini Kampala na jiji la Dar es Salaam zilikuwa miongoni mwa sehemu za mradi wa UPSIDES, uliofundisha watu wenye uzoefu wa ugonjwa wa akili kuwasaidia wenzao, ingawa haukuwa mradi wa wanajeshi.

Dhana: Anachukua nafasi ya daktari, na huficha kila anachoambiwa

Mwelimishaji rika haandiki dawa wala hamshauri mtu kuziacha. Anachofundisha ni namna ya kwenda kuzijadili na aliyeziandika. Hutunza faragha, lakini mshiriki akimwambia kwamba anataka kujiua, hana ruhusa ya kukaa na habari hiyo peke yake: lazima aifikishe kwa timu ya matibabu. Familia zetu zilizohamia Marekani, ambazo watoto wao wamevaa sare za nchi hiyo, zijue pia kwamba simu ya dharura kwa wanajeshi wa zamani hupatikana saa zote kwa kupiga 988 kisha kubonyeza 1, na kwamba ndugu mwenye wasiwasi anaweza kupiga kwa niaba ya jamaa yake, hata kama jamaa huyo hajawahi kujiandikisha katika hospitali yoyote ya wizara hiyo.